Lupita chini ya beseni

“Mzee, kwani huyu Lupita alipotelea wapi?” Kinyozi wangu wa hapa Nairobi aliniuliza hivyo mwezi uliopita, nusu ya kichwa changu ikiwa imenyolewa na nusu bado, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Kwenye runinga ya ukutani ilikuwa inapita Black Panther, ile filamu ya Wakanda aliyoigiza Lupita, kwa mara ya mia. “Alichukua Oscar, akatuambia ndoto zetu ni halali, halafu kimya. Wenzake wako kila mahali.”

Swali lenyewe ni la zamani kuliko duka lake. Tuliokesha hadi alfajiri ya Jumatatu, 3 Machi 2014, tulidhani tumeona mwanzo wa kitu kikubwa. Binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, aliyezaliwa Mexico na kukulia Nairobi, amepokea Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa nafasi ya Patsey, mtumwa wa shamba la pamba, katika 12 Years a Slave, filamu ya Steve McQueen. Hakuna Mkenya aliyewahi kuipata kabla yake. Kilichofuata ndicho kinachobishaniwa.

Wanaosema alipotezwa hawasemi ovyo. Mwaka ule ule wa 2014 alionekana katika filamu moja ya ndege na bastola akiwa mhudumu wa abiria, nafasi ya kupita tu. Desemba 2015 akaja katika Star Wars, ila kama Maz Kanata, kiumbe mdogo mwenye miwani mikubwa aliyechorwa na kompyuta juu ya mwendo wa Lupita. Mwaka 2016 akawa sauti ya mbwa mwitu Raksha katika Jungle Book. Mpaka tulipomwona kwa sura yake mwenyewe katika nafasi yenye uzito, mama yule muuza mahindi wa Queen of Katwe, miaka miwili na nusu ilikuwa imepita tangu Oscar. Na filamu hiyo nzuri, iliyopigwa Kampala kwa mkono wa Mira Nair, iligharimu kama dola milioni 15 na kurudisha kama milioni 10 kwenye majumba ya sinema.

Kwa hiyo mtu akikuambia Hollywood ilimpa tuzo kisha ikaificha ngozi yake, ushahidi anao. Lupita mwenyewe ameuongeza. Mwaka 2025 aliiambia CNN kwamba baada ya Oscar alidhani ataletewa nafasi za kuongoza filamu. Alicholetewa ni mtumwa mwingine, safari hii ndani ya meli. Akaongeza kwamba ni heri apoteze kazi moja kwa mwaka kuliko kuendeleza picha ile ile ambayo watu huitarajia kutoka kwa Mwafrika. Wanaolalamika hapo hushangilia: si unaona, hakuwa na la kuchagua. Anayepewa achague kati ya pingu na mnyororo, amechagua nini?

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Nusu ya pili ndiyo iliyonikalisha kuandika, kwa sababu katika hesabu za watu wengi imeandikwa sifuri.

Katika miezi ile ile tunayodai alikuwa hayupo, Lupita alikuwa New York akitoka chini ya beseni. Sitanii. Ni mchezo wa jukwaani unaoitwa Eclipsed, umeandikwa na Danai Gurira, Mmarekani mwenye asili ya Zimbabwe. Ni Liberia ya mwaka 2003, kambi ya waasi, kibanda kilichotobolewa na risasi. Wake za kamanda wanaishi humo, na wanaitwana kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kamanda hajajua bado kwamba kuna msichana wa miaka kumi na tano ndani, kwa hiyo wanawake wamemfunika na beseni kubwa la kufulia. Beseni linainuliwa, na anayechomoza chini yake ni mshindi wa Oscar, mwanamke ambaye wakati huo magazeti ya mitindo yalikuwa yanagombania picha zake. Baadaye msichana huyo atabandikwa namba nne, na baadaye tena atashika bunduki.

Lupita aliujua mchezo huu kabla ulimwengu haujamjua yeye. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi wa uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ulipochezwa pale alikuwa mwigizaji wa akiba, yule anayekariri mistari yote halafu anakaa nyuma ya pazia kungoja mwenzake augue. Alipopata uwezo wa kuutaka, akautaka. Ulianzia Public Theater, ukumbi wa New York, mwaka 2015, kisha 6 Machi 2016 ukafunguliwa Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za michezo ya jukwaani za New York, katika ukumbi wa John Golden. Mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote watano walikuwa wanawake weusi, jambo ambalo Broadway haikuwa imeliona. Mwandishi wa habari mmoja akamuuliza kwa nini nyota mkubwa hivi anacheza mchezo mdogo hivi. Swali lilimkera kiasi cha kuliandikia makala nzima.

Sasa tufanye hesabu, maana mimi hesabu hii hainitoki kichwani. Ukumbi wa Golden una viti takriban 800. Broadway hucheza maonyesho manane kwa wiki. Kutoka 6 Machi hadi mchezo ulipofungwa 19 Juni ni wiki 15. Zidisha, na hata ukijaza kila kiti kila usiku, unapata watu 96,000. Ni kama kujaza uwanja wa mpira wa Kasarani mara mbili, basi. Ile Star Wars iliyomfunika kwa michoro iliingiza zaidi ya dola bilioni 2. Yaani waliomwona asipoonekana ni mamilioni kwa mamilioni, na waliomwona mzima, jasho na pumzi, bila kurudia tukio likiharibika, hawafiki laki moja. Miongoni mwa hao laki kasoro, wangapi walikuwa wametoka Kisumu, Mombasa au Dar? Sisi tulikaa upande wa wale mamilioni, tukaangalia Maz Kanata, tukasema binti amefichwa.

Na hata hilo la Maz lina maelezo yake, ambayo wanaomwonea huruma hawapendi kuyasikia. Patsey alikuwa nafasi ya mwili: mwili unaotamaniwa, unaobakwa, unaochapwa mpaka mgongo unafumuka. Lupita alisema mwaka 2015 kwamba baada ya kazi hiyo ilikuwa ni kufunguliwa, kuigiza mahali ambapo mwili wake si suala. Unaweza kusema alikuwa anaipamba hali mbaya kwa maneno mazuri, kama sisi sote tunavyofanya tukiulizwa kuhusu kazi zetu. Mimi namwamini. Mtu aliyefundishwa jukwaani anajua kwamba uso ni chombo kimoja tu kati ya vingi.

Ukitaka kuona vyombo vingine, itazame Us, filamu ya kutisha ya Jordan Peele ya mwaka 2019. Anacheza wanawake wawili: mama wa familia, na kivuli chake kinachotoka chini ya ardhi na mkasi mkononi. Kivuli hicho hakijazungumza kwa miaka mingi, na sauti inatoka kama mlango wenye kutu. (Watu wenye ugonjwa wa sauti aliosema umemsaidia kuibuni sauti hiyo walilalamika, na akaomba radhi.) Mgongo umenyooka kama msumari, hatua zimepimwa. Hiyo ni kazi ya jukwaa iliyoletwa mbele ya kamera. Wahakiki wa filamu wa New York walimtaja mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Oscar haikumteua hata kwenye orodha, na hapo wale wa upande wa pili wana haki ya kunicheka, kwa sababu tuzo ile ile iliyompenda akiwa mtumwa haikumwona akiwa mama mwenye nyumba ya likizo.

Yapo pia malalamiko ya karibu na nyumbani. Jukwaa lililomlea ni la Nairobi. Akiwa na miaka kumi na minne aliigiza Juliet na Phoenix Players, kikundi kilichokuwa Professional Centre, Parliament Road. Phoenix ilifungwa mwaka 2017, wakati mwanafunzi wake maarufu kuliko wote yuko kileleni. Nimesikia wakisema angeweza kuiokoa. Labda. Lakini nilipita Parliament Road jioni nyingi miaka hiyo, na nikijihesabia tiketi nilizonunua, naona aibu kumtwisha mtu mwingine mzigo huo.

Lenye nguvu zaidi ni lalamiko la umbali. Filamu mbovu itamfikia mtoto wa Homa Bay kwa flashi, ilhali mchezo mzuri wa New York hautamfikia kamwe. Mwigizaji anayechagua viti 800 amechagua pia nani asimwone. Hili sina namna ya kulipangua. Naliweka tu kando ya kilichotokea Agosti 2025, pale Delacorte, ukumbi wa wazi ndani ya Central Park ambako tiketi ni bure. Ulikuwa ndio kwanza umefunguliwa baada ya matengenezo, na mchezo ulikuwa Twelfth Night wa Shakespeare. Mwongozaji ni Saheem Ali, Mkenya anayejuana na Lupita tangu ujana wao Nairobi. Viola ni Lupita. Sebastian, pacha aliyepotezana naye bahari ilipovunja chombo chao, ni kaka yake wa tumbo moja, Junior Nyong'o. Na baadhi ya mistari ya mapacha hao inatamkwa kwa Kiswahili, mbele ya Wamarekani, bila mtu kuomba samahani.

Kuna rekodi. Nilimwonyesha kinyozi kipande kwenye simu, tukiwa tumeinamisha vichwa juu ya kioo kilichopasuka. Alipoisikia lugha yake akaizima mashine.

“Hiyo ni Marekani?”

“New York.”

Akairudisha nyuma, akaisikiliza tena na sikio karibu na spika. “Sasa hii,” akasema, “hapa italetwa lini?”

Nikamwambia amalizie upande wa kushoto.