Neno "kugeuka" linavyowatisha wagonjwa wa Hashimoto

Wifi yangu alifika na bahasha ya kaki, akaifungua mezani kabla hata hajakaa. Ndani mlikuwa na majibu ya ultrasaundi ya shingo. Ana ugonjwa wa Hashimoto, yaani mchochota wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwa miaka sita sasa; kila alfajiri humeza kidonge chake cha levothairoksini, homoni ya kuijazia tezi hiyo, kwa maji matupu, akasubiri nusu saa ndipo anywe chai. Majibu yalisema upande wa kulia wa tezi kuna kivimbe cha milimita 8. "Wifi," akaniambia, "wanasema itolewe yote kabla haijageuka."

Neno hilo, kugeuka, ndilo lililonikalisha niandike. Linachukulia kwamba mchochota wa tezi ya thairoidi, ile hali ya kinga ya mwili kuishambulia tezi mwaka baada ya mwaka, ni kituo tu cha njiani, na safari inaishia kwenye saratani.

Wapo madaktari makini wanaoliona jambo hivyo, na hoja zao si za kubeza. Tangu mwaka 1955, wapasuaji wa Marekani walipoandika kwamba mara nyingi wanaikuta saratani ndani ya tezi zenye Hashimoto, ripoti za aina hiyo hazijakoma. Kibayolojia pia kuna mantiki. Tezi inayoshambuliwa hujikarabati bila kupumzika, na seli zinazogawanyika sana hukosea zaidi. Tezi ikichoka, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huongeza homoni ya TSH ili kuisukuma, na TSH hiyo hiyo huzihimiza seli za tezi kukua. Imeonekana katika tafiti zaidi ya moja kwamba kivimbe cha mtu mwenye TSH ya juu kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa saratani kuliko cha mwenye TSH ya chini. Daktari aliyekwisha kumwona mgonjwa aliyechelewa hawezi kulaumiwa kwa kuogopa.

Lakini tuiangalie ile tarakimu inayowatoa watu jasho. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalizipanga tafiti katika mafungu mawili. La kwanza ni la tezi zilizokwisha kutolewa na kukatwa maabara: humo, wastani wa asilimia 27.6 ya wenye Hashimoto walikuwa na saratani ya papilari, ile iliyo ya kawaida kuliko zote za tezi hii. La pili ni la wagonjwa waliochomwa sindano nyembamba shingoni kuvuta seli: humo wastani ulikuwa asilimia 1.2. Ugonjwa ule ule, saratani ile ile, na kati ya tarakimu hizo mbili kuna tofauti ya zaidi ya mara ishirini.

Hutaielewa tofauti hiyo mpaka uulize zile tezi za fungu la kwanza zilifikaje kwenye meza ya upasuaji. Hashimoto peke yake ni nadra kumpeleka mtu kwenye kisu. Dawa yake ni kidonge. Aliyefika huko mara nyingi amepelekwa na jambo jingine: kivimbe chenye sura mbaya, sindano iliyoleta majibu ya mashaka, au tezi iliyokua hadi inambana koo. Ukisimama gereji ukahesabu magari yenye injini mbovu, utapata idadi ya kweli kabisa ya magari yaliyo gereji. Ukiichukua ukasema ndiyo hali ya magari yote ya Dar es Salaam, umewapoteza wanaokusikiliza. Hata ugonjwa wenyewe tulijuzwa na kisu: mwaka 1912 Hakaru Hashimoto, mpasuaji kijana wa Fukuoka nchini Japani, alieleza tezi za wanawake wanne waliokuwa wamefanyiwa upasuaji. Tangu mwanzo, tumekuwa tukiutazama kwa macho ya waliokwisha kukatwa.

Kuna jambo la pili ndani ya hiyo 27.6. Mtaalamu wa patholojia akiikata tezi vipande vyembamba huona vitu ambavyo mwenye tezi asingeviona maisha yake yote. Mwaka 1985 watafiti wa Finland walizichunguza hivyo tezi za maiti 101. Katika 36 walikuta saratani ndogo za papilari zisizokuwa zimejulikana. Zaidi ya theluthi moja. Watu hao waliishi nazo na wakazikwa nazo. Kwa hiyo tezi yoyote ikikatwa kwa bidii ya kutosha, yenye Hashimoto au isiyo nayo, usishangae kukuta kitu. Isitoshe, seli nyeupe za kinga zinazoonekana kuizunguka saratani huenda zimeifuata saratani yenyewe kupambana nayo, wala si zilizoizaa.

Asilimia 1.2 nayo ina kasoro zake, na lazima niseme hivyo. Sindano hukosa shabaha, vivimbe vidogo mara nyingi havichomwi kabisa, na aliyeambiwa yu salama hapasuliwi ili kuhakikisha. Idadi halisi lazima iwe juu ya hapo. Ila anayemwambia mgonjwa "mmoja kati ya wanne" anamtajia takwimu ya kundi ambalo mgonjwa huyo hayumo.

Na hata saratani ikiwepo, Hashimoto haionekani kuiongezea makali. Utafiti wa Japani wa mwaka 1998 uliwalinganisha wagonjwa wa saratani ya papilari: waliokuwa na mchochota, asilimia 0.7 walikufa kwa saratani hiyo; wasiokuwa nao, asilimia 5. Wapo wanaosema hawa wa kwanza waligunduliwa mapema tu kwa kuwa tayari walikuwa wakifuatiliwa, na huenda ni sehemu ya jibu. Lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea upande huo huo.

Hoja ngumu kuliko zote niliisikia kwa shemeji, mume wake: "Kidonge si tayari anameza? Tezi yenyewe imekufa nusu. Atapoteza nini ikitolewa?" Ni swali la haki. Jibu lake liko nyuma ya tezi. Hapo zimejibana tezi nyingine nne, kila moja kama punje ya mchele, zinazolinda kiwango cha kalsiamu mwilini. Pembeni zinapita neva za sauti. Tezi iliyochochota miaka mingi huwa ngumu na hugandamana na vilivyo jirani nayo, hivyo mpasuaji hufanya kazi yake katika mazingira magumu zaidi. Punje zile zikijeruhiwa, mgonjwa huanza ganzi midomoni na vidoleni, misuli inakaza, na kalsiamu yake hupimwa tena na tena, pengine maisha yote. Kwa anayeishi wilayani, mbali na maabara, hilo si jambo dogo. Neva ikiguswa, sauti inakwaruza, na wifi yangu ni mwalimu wa darasa la tatu.

Korea Kusini walikwisha kuionja njia ya kutafuta na kukata. Ultrasaundi ya shingo ilipoenea kwa watu wasio na dalili, wagonjwa wapya wa saratani ya thairoidi mwaka 2011 walikuwa mara 15 ya wale wa mwaka 1993, na karibu wote walifanyiwa upasuaji. Vifo havikupungua wala kuongezeka. Vilibaki pale pale. Huko Kobe, Japani, hospitali ya Kuma imekuwa tangu mwaka 1993 ikiwapa wenye saratani ndogo, za sentimita moja kushuka, nafasi ya kufuatiliwa bila kukatwa, na wengi wao saratani haijasogea. Hao wana saratani iliyothibitishwa. Wifi ana kivimbe tu.

Daktari wa pili alizitazama picha zenyewe, si majibu yaliyoandikwa peke yake. Kingo za kivimbe zimenyooka, hakuna vidoadoa vyeupe vya chokaa, hakijasimama wima kuliko kilivyo pana, na shingoni hakuna tezi za limfu zenye sura ya mashaka. Kwa mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2015, kivimbe kama hicho chini ya sentimita moja hakihitaji hata sindano. Alichokigundua ni kwamba TSH yake iko juu, akamwongezea dozi ya kidonge, akampangia ultrasaundi nyingine baada ya mwaka.

Kuna saratani moja ambayo kwayo sibishani na wenye hofu: limfoma ya tezi, saratani ya seli za kinga zilizomo ndani ya tezi. Hiyo kweli inafungamana na Hashimoto. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 1985 uliofuatilia wagonjwa 829 ulikuta hatari yake ni mara 67 ya watu wengine, huku saratani za kawaida za tezi hazikuongezeka. Ni adimu mno, hivyo hata mara 67 inabaki ya watu wachache, lakini yenyewe haisubiri mwaka. Tezi iliyotulia huvimba ghafla ndani ya wiki chache, inabana, chakula kinapita kwa shida, pumzi inakata ukilala chali. Dalili hizo nilimwandikia wifi nyuma ya bahasha yake, na chini yake namba ya simu ya zahanati.