Aspirini ya kila siku, si kwa kila mtu

Kuna habari inasema wazee wenye afya wasianze kumeza aspirini ya kila siku kujikinga na shtuko la moyo au kiharusi, naona watu washapaniki eti madaktari ni vigeugeu. Sio mpya hii bana, utafiti wa ASPREE wa 2018 kule Australia na Marekani ulichukua wazee zaidi ya 19,000 wasio na ugonjwa wa moyo, wengine wakapewa aspirini ya miligramu 100 wengine vidonge visivyo na dawa, waliomeza aspirini hawakuishi na afya muda mrefu zaidi ila visa vya kuvuja damu vikaongezeka. Ndo maana 2022 jopo la wataalamu Marekani likasema ukishafika miaka 60 usianze kumeza kwa kujikinga tu.

Kinachonikera kichwa cha habari hakitenganishi watu, maana aliyewahi kupata shtuko la moyo au kiharusi au kawekewa stenti, yaani kile kibomba cha kuuacha mshipa wa moyo wazi, huyo kwake faida bado kubwa na akiacha ghafla bila kumuuliza daktari anajitafutia balaa. Dawa inazuia damu isigande kwenye mshipa wa moyo, na hapohapo kidonda cha tumbo nacho kinavuja zaidi, ndo inavyofanya kazi huwezi kuchagua. Na wanaochanganya aspirini na ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, je, mbona mwandishi wa habari hiyo hajawagusa kabisa?