Kabla ya Kuficha Sukari, Nenda Shuleni

Mtoto asipotulia darasani, wa kwanza kulaumiwa nyumbani ni sukari. Biskuti zinafungiwa kabatini, soda inapigwa marufuku, na baada ya wiki mbili mwalimu analeta malalamiko yaleyale. Sukari ina makosa yake, meno ni shahidi, lakini kwa hili inaonewa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwaambia akina mama kadhaa kwamba watoto wao wa kiume wamepewa sukari nyingi, kumbe kinywaji hakikuwa na sukari hata chembe. Akina mama hao waliwaona watoto wao watundu kuliko walivyoonwa wenzao na mama walioambiwa ukweli.

Ndiyo maana nasema anzeni na shule. Bila kipimo kutoka darasani, hamtajua chakula kimesaidia au mmejifariji tu.

Kwanza apimwe macho na masikio, na saa zake za kulala zihesabiwe. Mwenye umri wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Anayelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri atasinzia au atarukaruka, hata kama hana tatizo lolote la umakini. Daktari naye hasemi ni ADHD, yaani tatizo la umakini na utundu uliozidi, kwa kuangalia somo moja: dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6, na zionekane shuleni na kwingineko. Zikitokea kwa mwalimu mmoja tu, chunguzeni kipindi chake.

Mkifika shuleni, msiombe "mumwangalie kidogo". Ombeni vitu vinavyoonekana. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha, lakini asitengwe peke yake akitazama ukuta, maana hiyo ni adhabu. Maelekezo yatolewe moja moja. "Toeni madaftari, andikeni tarehe, fungueni ukurasa wa 42, fanyeni swali la 3 hadi la 8": mtoto huyu amebaki na daftari mkononi, mengine yameshapita. Na asinyimwe mapumziko kwa sababu hakumaliza kazi; yeye ndiye anayehitaji kukimbia kuliko wote.

Kisha kadi ya kila siku. Iwe na malengo matatu, yasizidi matano, kila moja likihesabika: "ameanza kazi ndani ya dakika 2", siyo "awe na adabu". Mwalimu anatia alama mwisho wa kila kipindi, na jioni hiyohiyo mzazi anatoa zawadi ndogo, hata kama ni nusu saa ya mpira. Kadi nyingi hufa wiki ya kwanza kwa sababu lengo limewekwa juu mno. Anzeni na analoliweza mara tatu katika nne. Nyingine hufa kwa sababu zawadi imeahirishwa hadi mwisho wa mwezi, na kwa mtoto huyu mwisho wa mwezi ni kama haupo. Mbaya zaidi ni kadi inayogeuzwa ushahidi wa kumchapa.

Kadi ikishatembea wiki mbili tatu, sasa ingieni jikoni. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mimi ningeanza na rangi bandia za chakula. Utafiti wa Southampton, Uingereza, uliotoka 2007, ulizihusisha rangi hizo zikichanganywa na sodiamu benzoeti, kihifadhi cha vyakula na vinywaji, na utundu kwa baadhi ya watoto, na tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka onyo kwenye vyakula vyenye rangi za namba E102, E104, E110, E122, E124 au E129. Someni pakiti, ziondoeni wiki tatu, na mwalimu asiambiwe. Alama za kadi zisipopanda, acheni jaribio hilo.

Upungufu wa madini ya chuma nao hushukiwa kuvuruga umakini, lakini hilo ni suala la maabara. Ombeni kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, kwani hemoglobini inaweza kuwa sawa huku akiba hiyo ikiwa chini. Vidonge vya chuma bila kipimo ni hatari, na chai wakati wa kula huzuia chuma kufyonzwa.

Anayetumia methilfenideti, dawa ya ADHD, mara nyingi hana hamu ya chakula mchana. Ale vizuri kabla ya kumeza dawa, yai au maharagwe na maziwa, kisha ashibe tena jioni dawa ikiisha nguvu. Uzito na urefu vipimwe kila anaporudi kliniki. Kuhusu mlo wa kuondoa karibu kila kitu na kukirudisha kimoja kimoja, msiujaribu bila mtaalamu wa lishe: mtoto anaweza kudhoofika kabla hamjampata mkosaji.