Mwacheni kocha ahame: kisa cha Howard Mudd

Berkeley. San Diego. San Francisco. Seattle. Cleveland. Kansas City. Seattle tena. Indianapolis. Philadelphia. Halafu Indianapolis kwa mara ya mwisho, mwaka 2019, akiwa na miaka 77. Huo ndio wasifu wa kazi wa Howard Mudd, mtu aliyeanza kufundisha mstari wa mbele wa ushambuliaji katika mpira wa Kimarekani mwaka 1972 na akashindwa kabisa kukaa mbali na kazi hiyo.

Mpe ofisa ajira yeyote orodha kama hiyo uone uso wake. "Huyu hatulii." Wazee walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, lakini likija suala la ajira tunausahau usemi huo haraka sana, mtu aliyepita sehemu nyingi tunamhisi ana kasoro iliyofichwa. Mimi naona kinyume, na Mudd ndiye ushahidi wangu.

Kwanza kazi yenyewe, kwa ambao mchezo huu wanaupitia tu kwenye televisheni wakitafuta soka. Mbele ya kwotabeki, yule anayerusha mpira, wanakaa watu watano wakubwa: senta katikati, gadi wawili ubavuni mwake, takeli wawili pembeni. Kwa kawaida hawarushi mpira, hawadaki, hawakimbii nao. Kazi yao ni kuzuia. Wanamzuia adui asimfikie kwotabeki, au wanamsukuma kando ili mkimbiaji apate njia. Kocha wao ni kama utingo wa lori la masafa marefu: hakuna anayeuliza jina lake mpaka tairi lichomoke. Kwotabeki akiangushwa chini mara sita, hapo ndipo watu wanakumbuka kuwa kuna mtu alilipwa kuzuia hilo.

Mudd aliijua shida hiyo mwilini. Alizaliwa Michigan mwaka 1942, akasoma chuo kidogo cha Hillsdale, na San Francisco 49ers wakamchukua katika raundi ya 9 ya drafti ya mwaka 1964, yaani ule mgao ambao timu zinachagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni. Raundi ya 9 siku hizi haipo. Drafti inaishia ya 7. Kutoka huko chini akawa gadi aliyechaguliwa mechi ya nyota mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968, na baadaye akatajwa kwenye kikosi bora cha muongo ule wa sitini cha NFL, ligi kuu ya mchezo huu. Mwaka 1969 wakamhamishia Chicago Bears, timu iliyoshinda mechi moja tu kati ya 14 msimu huo. Kisha goti likamsaliti. Akaanza maisha mapya ya ukocha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Makocha wasaidizi wengi wa NFL hawahami kwa sababu wameharibu. Wanahama kwa sababu kocha mkuu kaondoka, na mkuu akiondoka msafara mzima unaondoka naye. Angalia Seattle. Mwaka 1982 wachezaji wa ligi nzima waligoma, na mgomo ukiwa bado unaendelea klabu ikamfukuza kocha mkuu Jack Patera baada ya mechi mbili tu. Msimu uliofuata Mudd alikuwa Cleveland. Huko timu ilifika fainali ya kanda mara mbili mfululizo, Januari 1987 na Januari 1988, na mara zote ikafungwa na Denver kwa namna ambayo watu wa Cleveland mpaka leo hawapendi kukumbushwa. Mwisho wa msimu wa 1988 kocha mkuu Marty Schottenheimer akakosana na mmiliki Art Modell, akaenda Kansas City. Mudd akafunga mizigo akamfuata. Sasa katika habari hizo zote, nionyeshe ni wapi kocha wa mstari wa mbele alikosea.

Alichoacha nyuma yake kila alikopita ndicho cha kupima. Cleveland ya mwaka 1985 ilikuwa na wakimbiaji wawili, Kevin Mack na Earnest Byner, na wote wawili walivuka yadi 1,000 za kukimbia na mpira katika msimu mmoja. Jambo hilo ni adimu mno, maana mpira ni mmoja na zamu ni zile zile. Kansas City, msimu wake wa kwanza tu, 1989, Christian Okoye aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,480. Okoye ni Mnigeria kutoka Enugu aliyekwenda California kurusha kisahani, akaachwa kwenye kikosi cha Olimpiki cha nchi yake mwaka 1984, ndipo akaingia mchezo ambao hakuwa ameukulia. Habari yake inasimuliwa sana na inastahili. Lakini mtu wa kilo zaidi ya 110 hapasui ukuta peke yake kila Jumapili, hata awe na nguvu kiasi gani. Kuna watu walikuwa wanaufungua.

Mwaka 1998 akafika Indianapolis. Alikuwa na miaka 56, na kwa wasifu ule ungedhani ni kituo kingine tu cha basi. Alikaa miaka 12.

Msimu huo huo Colts, timu ya Indianapolis, walikuwa wamemchukua kwotabeki Peyton Manning kuwa wa kwanza katika drafti. Mwaka wa kwanza ulikuwa balaa: ushindi 3, vipigo 13, na Manning alirusha pasi 28 mikononi mwa adui. Mwaka uliofuata wakageuza hesabu ile ile, ushindi 13, vipigo 3. Kati ya misimu hiyo miwili alipatikana kijana mmoja aitwaye Jeff Saturday. Hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti. Baltimore walimchukua wakamwacha, akawa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme Raleigh, North Carolina. Hakuwa mrefu wala mzito kwa viwango vya senta wa NFL. Mudd akamfanya nguzo, na Saturday akaja kuchaguliwa mechi ya nyota mara sita.

Mbinu za Mudd zilimfaa mtu wa aina hiyo. Mafundisho ya kawaida ya kumlinda mrushaji yanasema rudi nyuma hatua kwa hatua, jikunje, msubiri adui aje, umpokee. Mudd hakupenda kusubiri. Yeye alitaka mzuiaji amvamie mtu wake mapema, pale pale kwenye mstari wa kuanzia, mikono ifike kifuani kabla yule hajapanga hatua yake ya pili. Ukimwachia adui mwendo, uzito wake unakuwa silaha yake. Ukimkuta bado anainuka, uzito huo ni mzigo wake mwenyewe. Kwa hiyo Mudd hakutafuta majitu. Alitafuta wepesi wa miguu na vichwa vinavyofikiri haraka.

Halafu kuna kuhesabu kimyakimya, jambo ambalo wengi wanampa yeye sifa ya kulikuza. Ugenini, mashabiki elfu sitini wakipiga kelele, sauti ya kwotabeki haifiki hata kwa gadi, seuze takeli wa pembeni. Takeli huyo hawezi kugeuka kuutazama mpira, kwa sababu mbele yake kuna mtu anayesubiri sekunde hiyo hiyo. Akichelewa kuondoka kwa nukta moja, kwotabeki yuko chini. Sasa tazama walichofanya. Senta ameinama, mpira mkononi, anachungulia nyuma kati ya miguu yake. Kwotabeki akiwa tayari anatoa ishara. Senta anainua kichwa na kutazama mbele. Kuanzia kichwa kinapoinuka, watu watano wanahesabu kimoyomoyo mdundo mmoja, mpira unatoka, na wote wanaondoka pamoja. Mara nyingine mdundo unaongezwa ili adui akurupuke mapema na kuadhibiwa. Leo timu za NFL zikicheza kwenye kelele utaona namna hii au ndugu yake. Watangazaji wanaielezea kana kwamba imekuwepo tangu enzi na enzi.

Najua pingamizi linakotoka: yote hayo ni Manning. Kweli, Manning alikuwa anaachia mpira haraka kuliko karibu kila mtu, na mrushaji asiyekaa na mpira haangushwi. Sitalikwepa. Mwaka 2009, msimu wa mwisho wa Mudd katika kipindi kile, Manning aliangushwa mara 10 tu. Mwaka 2010, Mudd akiwa hayupo, aliangushwa mara 16. Imepanda, lakini bado ni idadi ambayo makwotabeki wengine wangeisherehekea. Kwa hiyo ndiyo, sehemu kubwa ilikuwa ya Manning mwenyewe. Ila haielezi yote, na mechi inayonishawishi ni ile ambayo Manning hakuwa nyota wake hata kama tuzo alipewa yeye.

Super Bowl ya Februari 4, 2007, Miami. Kwetu ilikuwa tayari kama saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Mvua ilinyesha, mara ya kwanza katika historia ya fainali hiyo, na mpira ulikuwa unateleza kama sabuni. Devin Hester wa Chicago aliurudisha mpira wa kwanza kabisa hadi mwisho wa uwanja kabla watu hawajakaa vizuri. Colts wakajibu kwa kuacha mbwembwe na kukimbia nao: Dominic Rhodes yadi 113, Joseph Addai 77. Wakashinda 29 kwa 17. Mstari uliowafungulia njia ulikuwa wa Tarik Glenn, Ryan Lilja, Saturday, Jake Scott na Ryan Diem. Katika watano hao ni Glenn peke yake aliyechaguliwa raundi ya kwanza. Diem alikuwa raundi ya nne, Scott ya tano, Lilja na Saturday hawakuchaguliwa kabisa. Mashabiki wengi walisema tuzo ya mchezaji bora ilikuwa ya Rhodes. Mimi ningeikata vipande vitano.

Wakenya, nyie Colts mnawakumbuka kwa Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyesajiliwa mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huu hata mara moja. Mudd alikuwa ameshaondoka. Nimekuwa nikijiuliza angemfanya nini kijana wa miguu myepesi kiasi kile, ingawa Adongo alipangwa upande wa ulinzi.

Katikati ya utukufu huo kuna jambo moja la kiofisi tu ambalo linanikera mpaka leo. Mwaka 2009 wamiliki wa klabu waliamua kila timu iwe huru kujitoa kwenye mpango wa pensheni wa makocha. Mudd na Tom Moore, aliyekuwa msimamizi wa ushambuliaji, wakalazimika kustaafu ili mafao yao yasiguswe, kisha klabu ikawarudisha mwaka huo huo kwa vyeo vingine. Moore alikuwa na miaka 70, Mudd 67. Ligi yenye fedha za kumwaga, na watu wazima wa umri huo wanacheza karata na stahiki zao. Tukisema makocha wasaidizi hawaonekani, maana yake ni hii pia.

Philadelphia, 2011 na 2012, ndiko wanakomnyooshea kidole. Kocha mkuu Andy Reid alimtoa kwenye mapumziko, na ili kumpisha akamhamisha Juan Castillo, aliyekuwa kocha wa mstari wa mbele, akasimamie ulinzi wa timu nzima. Uamuzi wa ajabu, na sio wa Mudd. Msimu wa kwanza LeSean McCoy alikimbia yadi 1,309, lakini timu ikaishia ushindi 8, vipigo 8. Wa pili ulikuwa maafa: Jason Peters alikatika ukano wa kisigino kabla ya msimu kuanza, wengine wakafuata wodini, ushindi 4 kwa vipigo 12. Reid akaondoka, na Mudd vilevile. Chaguo lao la raundi ya kwanza, Danny Watkins, zimamoto kutoka Kanada aliyekuwa na miaka 26, halikuzaa kitu. Hapo siwezi kumtetea. Aliyesimamia mazoezi yake ni yeye.

Ila drafti hiyo hiyo ya 2011, kwenye nafasi ya 191, walimchukua senta aliyeingia Chuo Kikuu cha Cincinnati bila ufadhili wa michezo na ambaye kila mtu alisema ni mdogo mno. Mudd akampanga kuanza tangu mechi ya kwanza, mkongwe Jamaal Jackson akakaa benchi. Alikuwa Jason Kelce. Mudd hakuwepo Kelce alipokuwa bingwa mwaka 2018, wala alipotajwa mara sita kikosi cha kwanza cha ligi nzima. Waliokuja baada yake, hasa Jeff Stoutland, walimnoa zaidi na sifa hiyo ni yao. Lakini kumwona mtu wa nafasi ya 191 na kumkabidhi mpira siku ya kwanza kunahitaji jicho ambalo lilishamwona mwuza vifaa vya umeme.

Ndiyo maana naamini kuhama kulimjenga. Kocha aliyekaa klabu moja miaka thelathini anajifunza wachezaji wanaofaa klabu ile. Mudd alifanya kazi chini ya wakuu wasiofanana kabisa, kutoka Schottenheimer aliyependa mabavu hadi Tony Dungy asiyepandisha sauti, na kila mara alipewa watu aliowakuta, sio aliowachagua.

Alifariki Agosti 2020 kwa majeraha ya ajali ya pikipiki, akiwa na miaka 78. Jumba la Umaarufu la mchezo huu, Canton, Ohio, halina sanamu yake. Kama mchezaji, goti lilimkata mapema. Kama kocha, hakuwahi kuwa mkuu, na makocha waliowekwa mle ni wakuu. Wajumbe wanaweza kuendelea kubishana yeye ni wa kundi lipi. Saturday na Kelce, kwa upande mwingine, kila mmoja ana hoja yake ya kuingia mle, na wakifika jukwaani sidhani watapata shida kujua wamtaje nani.