Wapiganaji wa Aegina: je, viungo vya Thorvaldsen vilistahili kung'olewa?

Mwaka 1811, katika magofu ya hekalu la Aphaia kisiwani Aegina, Ugiriki, zilifukuliwa sanamu za marumaru za mashujaa waliopigana Troya, ambazo hapo kale zilijaza pembetatu za paa, mashariki na magharibi. Ludwig, mrithi wa ufalme wa Bavaria, alizinunua, kisha Bertel Thorvaldsen, mchongaji wa Denmark aliyeishi Roma, akapewa kazi ya kuzikamilisha, naye akaziongezea vichwa, mikono na miguu. Katika miaka ya 1960 jumba la makumbusho la Glyptothek mjini Munich, zinakohifadhiwa, liliving'oa viungo hivyo.

Wanaolaumu uamuzi huo wana hoja nzito. Thorvaldsen alikuwa miongoni mwa wachongaji wakuu wa zama zake, na kazi yake ilikuwa ushahidi wa jinsi Ulaya ya wakati ule ilivyoielewa Ugiriki. Zaidi ya hayo, ili viungo vipya vishike, sehemu zilizovunjika zilikuwa zimekatwa na kusawazishwa. Kwa hiyo kuving'oa hakukuzirudisha sanamu katika hali zilimotoka ardhini. Hata weupe tunaousifu si wa asili, kwa kuwa hapo kale zilipakwa rangi kali, na mpiga mishale mmoja alivaa suruali ya kubana iliyojaa mapambo.

Hata hivyo, naona waliong'oa walikuwa na haki zaidi, na sababu yangu ni majeruhi wawili. Yule wa pembetatu ya magharibi, wa takriban mwaka 500 KK, anakufa huku akitabasamu, uso ameuelekeza kwa mtazamaji kana kwamba jeraha halimhusu. Yule wa mashariki, aliyechongwa yapata miaka 20 baadaye, ameegemea ngao yake, mwili unamlemea, uso umeinama chini, na hatutazami sisi hata kidogo. Katika muda huo mfupi mchongaji wa Kigiriki alijifunza kuonyesha kifo kama jambo linalompata mtu kutoka ndani, na badiliko hilo, ambalo kwangu ni miongoni mwa makubwa kabisa katika historia ya sanaa, halipimiki kwa uhakika pale mkono wa mwaka 480 KK unapochanganyika na ule wa karne ya 19. Viungo vya Thorvaldsen navyo vinastahili kuonyeshwa, lakini kando, kwa jina lake mwenyewe.