Pita Basi!

Siku niliyohama Chake Chake kwenda Unguja nilikuwa na honda moja (pikipiki yangu), godoro moja, kabati moja lisilo na mlango na shangazi mmoja. Katika hivyo vyote, kilichofungwa sawasawa ni kabati tu.

Niseme mapema: mie ni mwalimu wa fizikia. Miaka 6 nimesimama mbele ya ubao nikiwaeleza watoto wa watu kwamba kitu kikishashika mwendo hutaka kuendelea nao, hata gari ikisimama. Mfano wangu ulikuwa daladala inayofunga breki ghafla. Watoto walicheka, wakafahamu, wakafaulu.

Chanzo cha yote ni binamu yangu aliyeko Marekani. Huko, anasema, kuna matela marefu kama nyumba: mbele vitanda, jiko na choo, nyuma gereji. Mlango wa nyuma unashuka chini unakuwa daraja, unapandisha honda zako mbili tatu, unazifunga, kisha unakwenda zako mbele kulala. Mwisho wa wiki watu wanavuta nyumba na honda mpaka jangwani, wakacheze na mchanga. Watu wazima, na ndevu zao. Aliposikia nahama na honda akanitumia video ya dakika 14 ya namna ya kuifunga. Nilitizama dakika 6, bando likakata. Katika dakika hizo 6 nilijifunza kuwa sakafu ya tela ina pete za chuma za kufungia kamba, kuwa honda hupandishwa mpaka gurudumu la mbele liguse ukuta, na kuwa mwenye video anafuga mbwa. Nikaona yanatosha.

Nikakodi Kanta ya boksi, ile iliyofunikwa pande zote, kwa sababu mvua za vuli zilikuwa zinanyemelea. Pete za chuma haikuwa nazo. Ilikuwa na mbao zilizopigiliwa ubavuni, na kamba nilinunua mwenyewe: ya nailoni, mpya, inang'ara, inateleza mkononi kama samaki mkunga. Moja nikaizungusha kwenye usukani wa honda, nyingine kwenye kerea, zote nikazifunga kwenye ubao kwa fundo ninalofungia viatu. Stendi ya pembeni nikaiacha chini ili honda ipumzike. Gia sikuitia. Koki ya petroli hata sikuifikiria.

Kwenye baraza ya jirani alikuwepo mzee mmoja, nahodha wa majahazi zamani zake, anakunywa kahawa na kunitizama.

"Maalim," akasema, "hiyo honda umeifunga au umeivisha?"

"Nimeifunga, Mzee."

"Mbona imesimama kama mgeni anayeaga? Ikalishe kwanza. Mtu ailalie mbele mpaka shokapu zishuke nusu, ndo mkaze kamba. Mbili mbele, mbili nyuma, kila moja ivute chini na upande wake. Na stendi pandisha, hiyo ni ya uani, si ya safari."

"Ahsante Mzee, lakini nimeshaona video."

"Ya jahazi?"

"Ya Marekani."

"Aa," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Hapo ndipo shangazi alipofika kutoka Wete na vikapu 12 vya halua ya harusi ya binti yake, harusi yenyewe Unguja, keshokutwa. Halua ya Wete sina haja ya kuisifu. Wanga, sukari, samli, iliki na kungumanga, inakorogwa juu ya moto mpaka mkono ukatae, na ikishapoa inashika. Hilo la kushika liwekeni akilini.

"Mwanangu," akaniambia, "mie nakaa mbele na dereva, mgongo wangu hauwezi. Weye kaa nyuma na halua. Ikipotea hata kikapu kimoja, harusini usije."

Nikavipanga vikapu ubavuni mwa honda. Upande wa kushoto. Upande wa stendi. Yaani upande ule ule honda ilikoinamia. Nimeshawaambia kazi yangu.

Shangazi akachukua simu yangu ikachajiwe mbele. Utingo akafunga mlango, akatia komeo kwa nje. Chake Chake mpaka bandari ya Mkoani ni kama kilomita 30, nikalalia godoro langu kizani nikijiona niko kwenye lile tela la Marekani.

Asiyeijua Pemba adhani kisiwa ni tambarare kama sinia. Si hivyo. Ni kilima, bonde, kilima, bonde, na dereva wetu kila bonde alilishukia kama anadaiwa. Sasa nieleze mie mwenyewe nijisikie. Honda ina shokapu. Gari ikiruka tuta, honda inabonyea, na ikibonyea kamba inalegea. Ikiinuka, inaivuta ile kamba kwa kishindo. Inalegea, inavuta, inalegea, inavuta, na fundo la nailoni kila likivutwa linajifungua kidogo, kwa adabu, bila kelele. Ungekuwa umeikandamiza honda nusu kabla ya kukaza, isingepata nafasi ya kulegeza kitu. Hayo niliyafahamu vizuri sana kwenye mteremko wa nne, pale fundo la usukani lilipomaliza kazi yake. Dereva akafunga breki, honda ikaendelea na mwendo wake, ikagonga ukuta wa mbele, ikarudi, stendi ikakunjika, ikalala. Chini yake vikapu vya halua. Chini ya vikapu, mguu wangu.

Haikuniumiza. Godoro chini, halua juu, nilikuwa kama kitumbua kwenye chano. Lakini kutoka sikuweza. Nikapiga kelele. Mbele huko taarabu ilikuwa juu, na juu ya taarabu alikuwa shangazi. Nikagonga bodi kwa ngumi, na gari bovu kama lile lilikuwa na milio yake kumi, wangu ukawa wa kumi na moja. Kisha pua ikaniambia habari nyingine: petroli. Kabureta limelala, koki iko wazi, tone, tone, tone.

Usukani wa honda ulikuwa kifuani pangu, ufunguo mfukoni. Nikautia, nikauzungusha, nikabonyeza honi.

Baadaye nimekuja kuifikiria cheche moja ya umeme ndani ya boksi lililojaa mvuke wa petroli. Huwa naifikiria usiku. Wakati ule nilifikiria kutoka tu.

Piii! Gari ikapunguza mwendo. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikasikia sauti ya dereva dirishani:

"Pita basi!"

Akasogea kushoto kumpisha aliye nyuma. Hakupita mtu. Akarudi barabarani, akakanyaga mafuta. Nikapiga tena, ndefu zaidi.

"Pita, yakhe! Njia yote hiyo huioni?"

Safari hii alisogea zaidi, na mwezi wenyewe ulikuwa wa karafuu. Mwenye kuijua Pemba msimu huo anajua pembeni mwa barabara kuna nini: majamvi, na juu ya majamvi karafuu za watu zinakauka juani. Nikasikia matairi yakipita juu ya kitu kinachotafunika, halafu sauti ya mwanamke: "Karafuu zanguuu!" Sauti ikabaki nyuma, harufu ikaingia ndani. Petroli, iliki, kungumanga na karafuu mbichi. Kama pilau linalopikwa gereji.

Mara ya tatu dereva alisimama kabisa. Nikasikia mlango unafunguliwa kwa hasira, viatu vinakuja nyuma, vinasimama. Kimya. Barabara nyeupe, hakuna gari, hakuna baiskeli, hakuna hata mbuzi.

"Yuko wapi?" dereva akauliza.

"Hayupo," utingo akajibu.

Nikaona wakati ndio huu. Nikabonyeza honi kwa nguvu zangu zote, na nikaita, "Nifungulieniii!" Mtu akilaliwa na honda na vikapu 12 hatoi sauti ya mwalimu. Ilitoka sauti ya aliye kaburini anayeomba dua.

Kisiwa chetu kina sifa zake za majini na uchawi, mnazijua, na utingo alilelewa nazo. Nilimsikia akitaja Jina la Mwenyezi Mungu, kisha miguu ikikimbia, milango ikifungwa, na shangazi akianza Ayatul Kursiy kwa sauti ambayo taarabu ilizimwa kwa ajili yake. Kanta ikaondoka kama jiwe la teo. Tangu iundwe huko Japani sidhani kama iliwahi kukimbia vile. Na kadiri nilivyopiga honi ndivyo walivyokimbia, nami kadiri walivyokimbia ndivyo nilivyopiga honi.

Kilichotuokoa ni serikali. Karibu na Mkoani askari wawili waliona Kanta ya boksi, msimu wa karafuu, inakimbia kama inafukuzwa, karafuu zimenasa kwenye matairi na kipande cha jamvi kinaburuzika nyuma. Magendo ya karafuu yana historia ndefu kwetu, na mtu hahitaji kusoma fizikia kujumlisha hayo. Wakaisimamisha.

"Nyuma mmebeba nini?"

"Afande," dereva akasema, anatetemeka, "nyuma kuna mwalimu. Lakini kuna na kitu kingine."

Komeo likatolewa. Mwanga ukaingia, ukanikuta nimelala chali, honda kifuani, halua mpaka kwenye nyusi, kidole bado kiko kwenye honi.

"Karafuu ziko wapi?" askari akauliza.

"Afande, mie mwalimu."

"Sijakuuliza kazi."

Dereva alinitizama, akaitizama honi, akanitizama tena. Nilimwona akihesabu polepole mara zote alizompisha mtu. "Ni weye?" akasema. Hakuongeza neno mpaka bandarini.

Kuinyanyua honda ilihitaji watu wanne, na si kwa uzito. Halua ilikuwa imebanika kati ya tangi na sakafu, imeingia kwenye cheni, imeukumbatia mguu wangu. Walipovuta, honda ilinyanyuka pamoja na godoro. Yaani safari nzima hakuna kilichoishika ile honda sawasawa isipokuwa halua. Askari mmoja, mkubwa wao, alipitisha kidole kwenye tairi la nyuma, upande ambao petroli haikufika, akaonja. "Ya Wete," akasema kwa heshima, akaturuhusu kwenda.

Karafuu za yule mama tulizilipa, nusu dereva nusu mie, na jamvi juu yake. Vikapu vilivyosalimika vilikuwa vitatu. Shangazi alivihesabu mara mbili, kisha akanihesabu mie. Harusini kila mgeni alipata halua ya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na watu wa Unguja wakasema Wapemba siku hizi wamekuwa wabahili.

Dakika 8 zilizobaki za ile video nilizitizama Mjini, bando likiwa jipya. Yule mtu na mbwa wake anailalia honda mpaka shokapu zinashuka nusu, si zote, maana ukizimaliza unaharibu sili zake, ile mipira inayozuia mafuta yasivuje. Anakaza mikanda minne, kila mmoja unavuta chini na upande wake. Stendi anaipandisha, koki anaifunga. Akishakwenda kilomita chache anasimama kuangalia kama kuna uliolegea. Ni maneno ya yule mzee wa barazani karibu yote, isipokuwa mzee aliyasema kwa nusu dakika na hakutumia bando langu.

Honda niliiosha kwa maji, kwa sabuni, kwa dizeli. Mpaka leo nikiiegesha skuli kwa kipindi kimoja, nikitoka nakuta safu ya sisimizi inapanda tairi la nyuma, inaingia kwenye cheni, kila mmoja anajua anakokwenda. Wanafunzi wameshaizoea. Shangazi hajaizoea. Kila nikienda kumsalimia, akisikia mlio uani, hutoa kichwa dirishani kabla hata ya kuitikia salamu:

"Umekuja na honda, au umekuja na halua yangu?"