Mshambuliaji wa mstari wa nne hapimwi kwa mabao

Nimesoma makala inayodai eti yule mshambuliaji mpya ambaye timu ya hoki ya barafu ya Toronto imemleta kujaza mstari wa nne ni hasara tupu kwa kuwa hafungi. Mwandishi kapotoka. Nilifanya usafi kwenye uwanja wa hoki ya barafu kule Canada miaka mitatu kabla ya kurudi hapa Sakina, na watu hawa nimewaona kwa karibu. Timu hupanga washambuliaji 12, mistari minne ya watatu watatu. Wale wa mstari wa nne wanaingia kwa sekunde 45 hivi, wanatoka wanahema, na usiku mzima mtu hukusanya dakika kumi tu, pengine pungufu. Hapo utamdai mabao? Mtazame pale mwenzao anapofungiwa kibandani dakika 2 kwa faulo na timu inabaki pungufu: yeye anajirusha mbele ya shuti, kisahani, ambacho ndicho mpira wao, kinamgonga kifundoni, anainuka akichechemea na kukifyatulia mbali. Kwenye orodha ya wafungaji hilo halimo. Kosa lake mimi naona ni faulo za kizembe, anapenda kunasa watu kwa gongo lake la kuchezea. Hivi kuna mwingine Arusha au Moshi anayeamka saa tisa usiku kutazama mechi za Toronto, au ni mimi tu na mke wangu anayenuna?